Bwana Mifugo na Meza Isiyo na Miguu

Kabla ya kumdunga mbuzi sindano, alikuwa anamwomba radhi. "Samahani mama, ni mara moja tu," anamnong'oneza, huku mkono wa kushoto umelishika sikio la yule mbuzi taratibu, kama mtu anayemshika mgeni bega. Akishamaliza anageuka kwa mwenye mbuzi na kumfokea kwa nini kadi ya chanjo imelowa chai. Ndivyo alivyokuwa. Upole wake ulianza kwa wanyama, na sisi watu tulisubiri zamu yetu.

Garissa nzima tulimwita Bwana Mifugo. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa ofisi, lakini jua lilizila herufi moja moja mpaka ikabaki kazi yake tu. Alitoka huko magharibi kwenye mvua na mahindi, na zaidi ya hapo sikujua. Kwetu mtu huulizwa ukoo kabla ya kuulizwa kiu, ila yeye hakuna aliyemuuliza. Labda tulihisi kwamba ukoo wake ni hawa hawa mbuzi.

Mimi nauza maziwa ya ngamia sokoni. Shule niliiacha kidato cha pili, ndoto sikuziacha. Msimu wa chanjo ukifika, ofisi yake ilinichukua niwe mkalimani kwa akina mama wa mabomani, kwa sababu Kisomali chake, baada ya miaka yote ile, kilikuwa Kisomali cha kuongea na ng'ombe. Alijua simama, geuka, fungua mdomo. Siku moja alimkaribisha mzee mmoja wa heshima kwa maneno ambayo huambiwa fahali akiingizwa zizini. Mzee akaingia. Alipokaa ndipo akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu ambaye niliona kwa macho yangu akimsaidia ngamia kuzaa, mkono umezama hadi begani, hapepesi hata jicho, mtu huyo huyo alikuwa anapanda juu ya kiti paka akiingia ofisini. Chanjo aliilinda isipate joto kama vile ni yai la mwisho duniani, lakini soda yake aliiacha juani mbele ya gari mpaka ichemke, kisha anainywa na kusema, "Ah." Miwani yake mguu mmoja ulikatika, akaufunga kwa uzi wa kushonea vidonda. Tulimwambia anunue nyingine. "Hii imeshapona," akasema.

Tena alikuwa na misemo yake. Ukimsifia jambo sana, alikunyooshea kiganja: "Usinisimulie malisho, nipe nyasi." Ukimharakisha: "Mbuzi hajui una haraka." Na ule alioupenda kuliko yote, aliutoa kila gari la chanjo lilipoacha mtu nyuma: "Kundi haliendi kwa mguu wa dume. Linaenda kwa mguu wa ndama."

Mchezo ulianzia Habaswein. Mvua ilikata barabara, tukakwama siku tatu sisi wanne. Alikuwepo Bwana Mifugo, nilikuwepo mimi, na Mutua, karani wake, kijana wa bara mwenye maneno mengi. Wa nne alikuwa Ifrah, msichana wa Hagadera aliyekuwa akituandikia hesabu ya mifugo, mtu wa sauti ndogo, akicheka anaziba mdomo. Siku ya pili Mutua alianza kuwapa nzi majina. Ndipo Bwana Mifugo akavuta kasha la barafu la chanjo katikati yetu, akachukua ile chaki ya kuwatia mbuzi alama, akachora mistari juu ya kifuniko.

"Ninyi si watu wa chanjo tena," akasema. "Ninyi ni msafara. Mbele yenu kuna kisima, na kisima kinaongea. Mnafanya nini?"

Tulimtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Mutua akasema, "Boss, umekunywa maji leo?"

Ifrah akajibu kwa sauti yake ile ndogo: "Nakisalimia."

"Unasalimia nini?"

"Kisima. Asalaam aleykum."

Bwana Mifugo akafikiri kidogo, uso umekaza kama anasoma kipimajoto. "Kimeitikia," akasema.

Basi tukawa tumeingia. Mchezo wenyewe ndio huo: kila mmoja anakuwa mtu mwingine, kiongozi anasema kilichoko mbele yako, wewe unasema unachofanya, na bahati inaamua kama umefaulu. Mpwa wake wa chuo kikuu ndiye aliyempa kitabu cha sheria. Sidhani alikimaliza. Ifrah alikuwa mchora ramani, Mutua mwizi anayeogopa mbuzi, na mimi nilikuwa malkia aliyepoteza nchi yote akabaki na punda.

Bahati katika mchezo huo huamuliwa kwa dadu. Alikuwa nayo moja ya buluu, ina pande ishirini, nzuri kama tunda. Tuliporudi Garissa tukawa tunacheza uani kwetu, Jumamosi baada ya alasiri, na wiki ya kwanza tu hooyo, mama yangu, akaiona. Hakukasirika. "Bwana Mifugo," akamwambia, "karibu chai, karibu hata chakula. Dadu haingii nyumba hii." Kwa wengi wetu dadu ina harufu ya kamari, hata kama hakuna anayechezea kitu. Yeye hakubishana. Aliitia mfukoni na sikuiona tena.

Jumamosi iliyofuata alikuja na buti moja la mpira. Ndani yake alikuwa ameweka hereni za plastiki, zile za masikio ya ng'ombe, zenye namba kuanzia moja hadi ishirini. Ukitaka kujua bahati yako, unaingiza mkono kwenye buti. Hooyo akachungulia.

"Limeoshwa?"

"Kwa dawa ya kupe, mama."

"Haye. Endeleeni."

Kuna jambo moja la huruma yake ambalo nikilikumbuka nacheka. Punda wangu alikufa mchezoni. Nilichota namba moja, maji ya mto yakambeba. Nilijifanya natengeneza mtandio. Punda wa kuwaza tu, lakini nilikuwa naye miezi. Jumatatu Bwana Mifugo akapita sokoni, akaniachia karatasi juu ya madumu ya maziwa. Ilikuwa fomu halisi ya ofisi, ile ya kifo cha mnyama, imejazwa yote. Aina: punda. Umri: wa kutosha. Sababu ya kifo: uaminifu. Chini ameweka sahihi na muhuri. Ninayo mpaka leo.

Kisha tukatawanyika. Mutua alihamishiwa Modogashe. Ifrah akarudi Hagadera kufundisha watoto wa chekechea. Na yeye mwenyewe muda wake wa kazi ukaisha. Jumamosi ya mwisho tulikaa tukiizunguka ramani, hakuna anayetaka kuingiza mkono kwenye buti. Ndipo akatuambia kwamba kwenye intaneti kuna meza za mchezo huu. Hazina miguu. Kila mtu yuko kwake, lakini wote mnaona ramani moja na mnasogeza alama zenu juu yake.

"Zipo nyingi," akasema, "kama majani baada ya mvua. Tutachaguaje?"

"Tuchukue ile inayotumiwa na watu wengi," Mutua akasema. "Simple."

"Ng'ombe wengi wakikanyaga mahali, nyasi inabaki?" Akatugeukia mimi na Ifrah. "Wazee wa hapa wakitaka kuhama hufanya nini?"

"Wanatuma sahan," Ifrah akasema.

Sahan ni mtu anayetangulia kuangalia nchi kabla ya familia kung'oa nyumba. Anakwenda, anaonja maji, anaangalia nyasi, anauliza wenyeji ni akina nani. Akirudi anasema alichoona, na watoto, wazee na wanyama wote wanahama kwa neno lake. Kwa hiyo sahan hadanganyi. Akisema maji yapo na hayapo, amewaua. Awoowe, babu yangu, alikuwa sahan wa kusifika. Wasichana hawakutumwa.

Bwana Mifugo akahesabu kwa vidole. "Mutua, meza ya kwanza. Ifrah, ya pili. Binti Maziwa, wewe ya tatu."

Hooyo alicheka kule jikoni. Lakini jioni nilimsikia akimwambia jirani, mara mbili, "Msichana wangu ametumwa sahan."

Masharti aliyatoa polepole. Maji: inakunywa bando kiasi gani? Nyasi: tutaweza kufanya nini humo? Wenyeji: nani anatuamuru? Kupe: matangazo yapo? "Na mtajaribu kwa simu ya ndama," akasema. Simu ya Ifrah ilikuwa ndiyo dhaifu kuliko zote, ya zamani, ikipokea picha mbili inapumzika. Kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kutafuta simu ya aina hiyo. Mimi nilikuwa na ya hooyo, yenye kioo kilichopasuka kama kiganja cha mzee. Ukirudi, ulete konzi ya nyasi, yaani picha ya ulichokiona.

Alikwenda zake magharibi, na baada ya wiki mbili tukatoa habari, wote kwenye simu.

"Boss, meza yangu ina kupe," Mutua akaanza. "Kila ukigusa, tangazo. La viatu, la mkopo, la kupunguza tumbo. Nikaanza kuangalia tumbo langu."

"Ifrah?"

"Yangu inarusha dadu yenyewe, adeer. Hata kufungua mlango inarusha, na kelele. Niliifunga mama asisikie." Adeer ni ami, ndivyo sisi wawili tulivyomwita kwa heshima.

"Binti Maziwa?"

Hapa niseme ukweli. Kwa simu ya hooyo, meza yangu ilikataa kufunguka. Duara lilizunguka, likazunguka, simu ikapata moto kama kikaango. Lakini mchana ule nilipita kwa binamu yangu mwenye duka la kompyuta, nikaifungua pale. Walahi sijawahi kuona kitu kizuri vile. Ramani ilikuwa giza, na alama yako ikitembea inabeba taa, ukuta unatupa kivuli, mlango ukifunguka chumba kizima kinazaliwa mbele yako. Niliweka malkia wangu pale nikamtembeza mpaka binamu akataka kiti chake. Nilikwenda nyumbani natembea kama mtu mwenye nchi.

"Ni nzuri, adeer. Haina kupe. Dadu unaweza kuizima."

"Umejaribu kwa simu ya mama?"

"Nimejaribu."

Na ni kweli nilikuwa nimejaribu. Mimi ambaye sokoni nilikuwa nikiwasema wanawake wanaoongeza maji kwenye maziwa, nilimuuzia maziwa yenye maji. Picha niliyotuma niliikata pembeni ili isionekane ni kompyuta. Mimi nilicheza kwa simu ya abti wangu, yaani mjomba, mpya, na Mutua yake ni nzuri. Tukahamia.

Jumamosi ya kwanza Mutua alipiga kelele za furaha, taa yake inazunguka kila mahali kama askari wa doria. Bwana Mifugo, kwenye kompyuta ya mpwa wake, alikuwa anaandika kwa kidole kimoja na kusifia kivuli cha mti. Alama ya Ifrah ilikuwa imesimama mlangoni. Zamu yake ikafika.

"Endeleeni tu," akasema. "Mimi nasikiliza."

Zamu ya pili akasema vile vile. Ya tatu pia. Hakusema kwamba meza imekataa kufunguka. Alidhani kosa ni la simu yake, na mtu huona aibu kwa ajili ya simu yake kama anavyoona aibu kwa nyumba inayovuja mbele ya wageni.

"Simameni," Bwana Mifugo akasema. "Ndama amebaki nyuma. Sahan wa meza hii ni nani?"

Niliwaza awoowe. Niliwaza hooyo akimwambia jirani mara mbili. Zaidi nilimwaza Ifrah, aliyekuwa wa kwanza kukisalimia kisima, sasa amekaa Hagadera na duara linalozunguka. Nikasema yote: simu iliyopata moto, duka la binamu, picha niliyoikata.

Nikamsikia Bwana Mifugo akimaliza chupa yake ya soda.

"Ifrah," akasema, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Una neno kwa sahan wako?"

"Abaayo, dada yangu," Ifrah akaniambia, "kumbe hata wewe ilikukataa. Mimi nimeigombeza simu yangu wiki nzima bure." Nikasikia amecheka, najua alikuwa ameziba mdomo. Mimi nililia kabisa.

"Basi," Bwana Mifugo akasema, "sahan anarudi njiani. Yule yule. Aliyekosea njia ndiye anayeijua kuliko sisi wote." Wala siku nyingine hakunikumbusha.

Nilirudi na simu ya hooyo. Nilijaribu meza baada ya meza, nikiandika kwenye daftari la maziwa: hii imekufa, hii inasinzia, hii inataka niseme mimi ni roboti au la. Mwishoni niliipata moja isiyo na uzuri wowote. Karatasi nyeupe, unaweka picha ya ramani, unasogeza nukta. Dadu haijui ni nini. Taa hakuna. Kwenye simu ya hooyo ilifunguka kabla sijamaliza bismillahi. Nilituma picha nzima, pamoja na ule mpasuko wa kioo. Hapo tulihamia, tukakaa. Bahati alituchotea yeye mwenyewe kutoka kwenye buti, anatusomea namba, nasi tulimwamini, ingawa Mutua alisema mtu aliyebaki peke yake na buti lazima achunguzwe.

Baadaye alileta sheria mpya. Kila mmoja kabla ya kucheza aseme kwa sauti yuko wapi, karibu na nini, nani yuko kulia kwake. "Ili msafara usipotee," alisema. Tuliipenda. Mchezo ulinoga.

Mwaka huu alikuja. Walimwita awafundishe vijana wapya wa chanjo kwa wiki mbili. Nilimwona anaingia soko la maziwa, miwani ile ile, uzi ule ule. Nilisimama nikipangusa mikono. Akanipita. Akasimama mbele ya jirani yangu, mama wa miaka sitini na zaidi, akafungua mikono: "Binti Maziwa, mbona umenenepa hivi?"

"Mimi?" yule mama akasema. "Allah akuzidishie. Nunua basi."

Soko lilicheka, naye akacheka kuliko wote. Nilimketisha juu ya dumu, nikampa maziwa kikombe kizima.

"Macho yana ukungu," akasema. "Hospitali wamenipa foleni, watayasafisha. Si ugonjwa wa kulia."

"Tangu lini, adeer?"

"Tangu tulipofika mlima wa chumvi."

Mlima wa chumvi tulikuwa tumeupita mchezoni miezi mingi nyuma. "Sasa ramani ulikuwa unaionaje?"

Alipangusa povu la maziwa mdomoni, mtu mzima ambaye alimfokea kila mwenye kadi iliyolowa chai, akaangalia chini kama mwanafunzi. "Nilikuwa nawaambia tu endeleeni. Nasikiliza."

Nikaikumbuka ile sheria yake mpya, ya kila mtu aseme yuko wapi. Nikaketi kwenye dumu la pili.

"Adeer," nikamwambia, "ndama amebaki nyuma."

Alicheka polepole. "Basi lazima tuhame. Nani atatangulia?"

Sikujitolea. Nilingoja.

"Nani mwingine," akasema. "Lete kikombe cha pili, kisha uende."

Wiki ile nilizunguka nyumbani nimefunga macho kwa mtandio, simu ya hooyo mkononi. Hooyo alinikuta nagonga mlango wa choo. "Naa, umerogwa?"

"Nimetumwa, hooyo."

Akanielekeza ulipo ukuta, akaenda zake.

Jumamosi baada ya alasiri alikuja uani kwetu, buti kwapani. Ifrah na Mutua walikuwa hewani, simu imelazwa juu ya lile kasha la barafu la zamani.

"Toa habari," akasema.

"Maji yapo, bando inakunywa kidogo. Kupe hakuna. Wenyeji ni sisi. Nyasi za kutazama hakuna, adeer, hata ramani haipo. Ni sauti peke yake. Mutua atakosa mengi."

"Kabisa," Mutua akasema. "Lakini nahama."

"Umejaribu kwa simu ya nani?"

"Ya hooyo."

"Na kwa macho ya nani?"

"Yako."

Akanyoosha kiganja. "Nipe nyasi."

Picha asingeiona. Kwa hiyo nililichukua buti, nikalipakata, nikavuta pumzi.

"Ninyi ni msafara," nikasema. "Mbele yenu kuna kisima, na kisima kinaongea. Mnafanya nini?"

Nilisikia Ifrah akicheka upande wa Hagadera. Hakujibu, alimwachia mwingine. Bwana Mifugo alivua miwani, akaiweka gotini, akageuza uso kule kilikokuwa kisima.

"Nakisalimia," akasema.

"Kimeitikia."